Doa la Dongo Kundu

"Mjomba, hili doa limekataa."

Mpwa wangu alisimama mlangoni ameshika shati jeupe la mikono mirefu, lile la waendeshaji wa motokrosi, lenye nambari mgongoni na mpira viwikoni. Alilinunua mitumba Kongowea, na tangu siku hiyo halimtoki mwilini. Yeye ni mtu wa bodaboda, stendi yake iko Likoni. Jana yake alimpeleka abiria upande wa Dongo Kundu kwa njia za ndani, mvua za mwaka zikiwa zimepamba moto, na lori lililompita likamwogesha tope kuanzia kifuani hadi magotini. Alipofika nyumbani alilitia shati kwenye beseni likiwa bado bichi, akachota maji ya kisima, akalifikicha kwa nguvu zake zote, akalimiminia jiki, akaliloweka usiku kucha. Asubuhi lilinukia usafi, lakini kifuani palibaki wingu la rangi ya tofali.

Kwenye kamba yangu kulikuwa na kanzu ya pamba iliyopata tope la barabara zile zile. Basi tulikuwa na nguo mbili, doa moja. Nikamwambia asifue tena kwanza. Mtu anayefua bila kujua anapigana na nini, anapigana na nguo. Tukaketi barazani tukaanza na swali la kitoto kabisa.

Tope ni nini?

Chukua tope kidogo ulisage kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi vitu vitatu. Kuna kinachokwaruza: huo ni mchanga. Kuna kilicho laini kama unga wa ngano: hilo ni vumbi la mawe yaliyosagika. Na kuna kinachoteleza, kikinata, kikibaki kwenye mistari ya ngozi hata baada ya kukung'uta mkono: huo ni mfinyanzi. Wataalamu wa udongo huvitenganisha kwa ukubwa tu. Mchanga huanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Vumbi ni kuanzia hapo hadi 0.002. Chini ya milimita 0.002 ni mfinyanzi. Unywele wa kichwa una unene wa kama milimita 0.07; chembe kubwa kabisa za mfinyanzi ungehitaji kuzipanga thelathini na tano ndipo zifikie unene huo.

Udogo huo una matokeo unayoweza kuyaona kwa macho. Koroga tope kwenye glasi ya maji yenye kina cha sentimita 10, kisha uiache itulie. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 hufika chini kwa sekunde kama kumi. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huchukua saa nane hivi kushuka umbali ule ule, na zilizo ndogo zaidi huelea siku kadhaa. Maji yaliyosimama kwenye mashimo ya barabara mvua ikishapita, yenye rangi ya chai ya maziwa, ni maji yaliyobeba chembe ambazo hazijapata muda wa kutua.

La pili ni umbo. Chembe ya mfinyanzi si kokoto. Ni kibamba, kama karatasi. Mfinyanzi ulio mwingi katika udongo mwekundu wa nchi za joto huitwa kaolini, na gramu moja yake, kiasi cha robo ya kijiko cha chai, ukitandaza nyuso zote za vibamba vyake hupata eneo la mita za mraba 10 hadi 20. Hiyo ni sakafu ya chumba kizima. Kitu chenye uso mkubwa hivyo kina mahali pengi pa kujishikiza.

Angalia sasa jambo lililokwisha kujitokeza: katika haya yote hakuna kilichoyeyuka. Sukari huyeyuka, chumvi huyeyuka, rangi ya mchuzi wa manjano huyeyuka ndani ya mafuta. Tope haliyeyuki. Doa la tope ni mawe, madogo mno kuonekana moja moja, yaliyokaa mahali pasipo pake. Ukilishika hili, mengine yote yanafuata.

Wekundu unatoka wapi?

Dongo Kundu ni jina linalojieleza: dongo jekundu. Lakini bara ya Mombasa haina udongo wa rangi moja. Ramani ya miamba ya Mombasa na Kwale iliyochapishwa na P. V. Caswell mwaka 1953 inaonyesha nchi iliyopangwa kwa mikanda inayofuatana na ufuo. Karibu na bahari, Likoni na Kisauni, kuna jiwe la matumbawe, chokaa iliyojengwa na viumbe wa baharini. Ndilo lililochimbwa Bamburi kutengeneza saruji tangu 1954. Nyuma yake kuna mchanga, na mchanga unaoitwa wa Magarini ni mwekundu. Ukipanda Changamwe unakanyaga mwamba wa kale zaidi, wa enzi ya Jurasiki, ulioganda kutokana na matope ya chini ya bahari. Ukioza huwa mfinyanzi mzito unaobaki na kiatu chako.

Rangi nyekundu yenyewe ni chuma. Karibu kila mwamba una chuma kidogo ndani yake. Mvua ya nchi za joto, miaka maelfu kwa maelfu, huchukua vinavyoyeyuka na kuviacha visivyoyeyuka. Chuma kilichobaki hukutana na oksijeni ya hewa, kikashika kutu. Kuna kutu nyekundu, hematiti, na kuna kutu ya manjano na kahawia, goethiti. Kutu hii haihitaji kuwa nyingi: asilimia chache tu za udongo zinatosha kuugeuza wote mwekundu, kwa sababu hukaa kama ngozi juu ya mchanga na vibamba vya kaolini.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu likabadilika. Hakuwa anauliza namna ya kutoa tope. Alikuwa anauliza namna ya kutoa kutu iliyo katika vipande vidogo kuliko vumbi.

Na weupe je?

Chembe moja ya chumvi ukiitazama juani inapitisha mwanga, kama kioo. Lundo la chumvi ni jeupe. Weupe haukuongezwa, mwanga umeingia, ukagonga ukuta mmoja, ukageuka, ukagonga mwingine, mwisho ukatoka wote bila rangi yoyote kuzuiwa. Pamba nayo ni hivyo hivyo. Unyuzi mmoja wa pamba, wenye upana wa kama milimita 0.015, unapenyeza mwanga. Maelfu yakisokotwa pamoja hurusharusha mwanga kati yao hadi utoke, nasi tukasema kanzu hii nyeupe.

Hapo ndipo udhaifu wa nguo nyeupe ulipo. Mwale unaozunguka humo ndani hugonga mara nyingi kabla ya kutoka. Chembe moja ya kutu ikikaa kati ya nyuzi, mwale huo utakutana nayo si mara moja bali tena na tena, na kila mara sehemu yake ya buluu na kijani inamezwa. Ndiyo maana tope lisiloonekana kwenye suruali ya jinzi linapiga kelele kwenye kanzu, hata kama kiasi ni kile kile.

Nguo zetu mbili, hata hivyo, hazikuwa sawa. Unyuzi wa pamba una shimo katikati na umejisokota kama utepe; hunywa maji, hufura, na ukikauka husinyaa, ukiweza kufunga ndani ya mikunjo yake chochote kilichoingia ulipokuwa umefura. Shati la motokrosi ni poliesta: fimbo laini, isiyo na shimo, isiyopenda maji. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata nusu asilimia. Poliesta haipendi maji lakini inapenda mafuta, na barabara ina mafuta: oili ya injini, grisi ya mnyororo, jasho la mwenye nguo. Kwenye pamba tope hujificha. Kwenye poliesta hugandishwa na mafuta.

Kinachoshika

Sugua sega la plastiki kwenye nywele kavu, kisha lisogeze karibu na vipande vya karatasi. Vitarukia. Vitu vyenye chaji tofauti huvutana, vyenye chaji sawa husukumana. Ndani ya beseni la kufulia mambo ni yayo hayo, ila hayaonekani.

Ikiwa majini, pamba hubeba chaji hasi. Poliesta pia. Nyuso pana za vibamba vya kaolini nazo ni hasi. Kama mchezo ungeishia hapo, tope na nguo vingesukumana na kufua kungekuwa kazi ya dakika tano. Lakini kutu ya chuma ina tabia yake. Katika maji ya kawaida, yasiyo na ukali wa asidi wala wa magadi, uso wa kutu hubeba chaji chanya. Ni mpaka maji yapande ukali wa kimagadi, kwenye kipimo cha pH kupita 8 au 9 hivi, ndipo chaji hiyo inapogeuka kuwa hasi.

Hasi ya pamba, chanya ya kutu: vinakumbatiana. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya tope jekundu kuacha kumbukumbu nguoni kuliko tope jeusi, hata lile la Changamwe linalonata kwa mikono miwili.

Kuna mshikaji wa pili, naye tulimchota wenyewe kisimani.

Glasi tatu

Mvua inaponyesha hukusanya hewa ya ukaa kutoka angani, na zaidi kutoka kwenye udongo wenye mizizi, ikawa asidi dhaifu. Asidi hiyo ikipita kwenye jiwe la matumbawe inalila polepole. Maji yanayofika kisimani Likoni au Kisauni kwa hiyo huwa yamebeba kalsiamu, na mara nyingi chumvi ya bahari iliyopenya chini kwa chini. Mama yeyote wa huko atakwambia bila kipimo: maji haya hayatoi povu.

Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili. Mkono mmoja hushika kibamba cha mfinyanzi kilicho hasi, mkono wa pili hushika pamba iliyo hasi. Vitu viwili vilivyopaswa kusukumana sasa vimepata mtu wa kuvipatanisha.

Kama huamini, fanya tuliyofanya. Tulitenga glasi tatu. Ya kwanza tuliijaza maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye mabati, ya pili maji ya bahari, ya tatu maji ya mvua yenye chembe chache za magadi. Kila moja tukaitia kijiko kile kile cha udongo mwekundu, tukakoroga, tukaziweka dirishani. Glasi ya bahari ilianza kufanya mabonge mbele ya macho yetu, yakashuka, maji ya juu yakawa meupe kabla hatujamaliza chai. Ya mvua ilichelewa. Ya magadi ililala ikiwa nyekundu na ikaamka ikiwa nyekundu.

Jambo hili hutokea kila mwaka kwa ukubwa wa nchi. Mto Sabaki unapofika baharini karibu na Malindi huwa umebeba udongo wa bara umbali mrefu, umeelea. Ukikutana na chumvi, chembe hushikana na kuanza kutua.

Sasa geuza mawazo kidogo. Glasini, kutua ni kusafisha maji. Kwenye beseni, kutua ni kurudi kwenye nguo. Kwa mfuaji glasi nzuri ni ile ya tatu, yenye maji machafu, kwa sababu uchafu uko majini na unakaa majini. Maji ya kusuuza yakiwa mekundu usikasirike. Kasirika yakiwa meupe na doa bado liko.

Sabuni na magadi

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huzama kwenye mafuta ya oili na jasho, vichwa hubaki nje, na tonge la mafuta likajikuta limevaa koti linaloelea. Sabuni pia hulegeza ngozi ya maji, ule mvutano wa juu unaofanya tone lijikunje kama ushanga juu ya jani la mgomba, ili maji yaingie katikati ya nyuzi. Mmoja wa waliotufundisha kuupima mvutano huo ni Agnes Pockels, Mjerumani wa mji wa Braunschweig, aliyenyimwa chuo kikuu kwa kuwa ni mwanamke, akafanya vipimo vyake jikoni. Aliandika barua kwa mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akaipeleka kwenye jarida la Nature, lililoichapisha mwaka 1891. Sehemu ya sayansi ya kufua, basi, ilianzia pale inapofanyiwa kazi, mbele ya maji machafu ya vyombo.

Lakini sabuni ya kipande ina adui: kalsiamu ile ile. Vikikutana huwa utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaobaki ukingoni mwa beseni, nao hunata nguoni ukiwa umebeba tope. Kufua doa la udongo kwa kipande na maji ya kisima ni kuliongezea gundi. Sabuni ya unga inastahimili zaidi, kwa kuwa imetengenezwa kwa molekuli nyingine na huchanganywa na vitu vya kuishika kalsiamu.

Na kuna magadi. Ziwa Magadi, kusini mwa Bonde la Ufa, limekuwa likichimbwa kibiashara tangu miaka ya 1910, na kwa miaka mingi shehena yake imeshuka kwa reli hadi bandari ya Mombasa, ikipita Changamwe mbele ya nyumba za watu wanaolalamikia maji yao. Magadi hufanya kazi mbili kwa mpigo. Kwanza, huishika kalsiamu na kuigeuza chokaa ngumu inayozama chini ya ndoo. Pili, huongeza ukali wa kimagadi hadi pale chaji ya kutu inapogeuka. Mshikaji wa kwanza ameachia, wa pili amezikwa. Tulikuwa tukiweka magadi kwenye mboga tukasahau kuyaweka kwenye beseni.

Jiki, ndimu na jua

"Na jiki je?" aliuliza. "Si ndiyo kali kuliko zote?"

Ni kali, lakini kwa kazi nyingine. Klorini huvunja molekuli za rangi, kama za mchuzi, chai au majani, kwa kuziunguza, yaani kuzitia oksijeni. Chuma cha udongo mwekundu kimekwisha kuungua. Kiliungua zamani za kale, ndiyo maana ni kutu. Kukimiminia jiki ni kuwasha kiberiti juu ya majivu. Mbaya zaidi, kama maji yako yana chuma kilichoyeyuka, jiki hukigeuza kutu pale pale juu ya nguo. Tena hula mpira wa viwikoni na nailoni ya suruali za motokrosi, zikageuka manjano. Bluu ya kufulia nayo haitoi kitu. Huongeza ubuluu ili jicho lisione umanjano. Ni nzuri mwishoni, kwa nguo iliyo safi.

Dawa ya kutu ni asidi inayojua kukumbatia. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki kama asilimia 5 au 6. Molekuli yake huishika atomu ya chuma kwa pande kadhaa kwa pamoja, na wanakemia wakauita mshiko huo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Chuma kilichoshikwa na gando hutoka juu ya chembe na kuingia majini, kimeyeyuka kweli kweli. Hapa, na hapa tu, ndipo sehemu ya doa inapoyeyuka.

Bibi zetu waliianika juani nguo iliyopakwa ndimu na chumvi. Walikuwa sahihi, na jua halikuwa pambo. Mwanga wa jua hukipa chuma kilichoshikwa na sitriki elektroni moja zaidi, kikawa chuma cha aina iyeyukayo kwa urahisi. Mwingereza John Herschel aliitumia tabia hiyo hiyo mwaka 1842, akapaka karatasi chumvi ya chuma na sitriki, akaiweka juani, akapata picha za buluu. Wahandisi walinakili ramani zao hivyo kwa miongo mingi.

Maonyo matatu, na haya si ya kurukwa. Ndimu na jiki visikutane kamwe, hata kwenye nguo ambayo haikusuuzwa vizuri: vinatoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kuua watu vitani Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Maji ya ndimu yakibaki mkononi ukakaa juani, ngozi inaweza kubabuka na kuacha alama nyeusi, hivyo osha mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Na ndimu isikaukie nguoni, kwa sababu asidi ikikolea hukata nyuzi za pamba.

Jambo jingine dogo: watu hupenda kuchanganya magadi na ndimu, waone povu. Povu ni hewa ya ukaa inayotoroka. Kilichobaki ni chumvi isiyo na nguvu ya huyu wala ya yule. Kila mmoja na zamu yake.

Tulivyofua

Shati la mpwa wangu lilikuwa limekwisha kufikichwa vibaya, lakini kanzu ilikuwa bado na tope lake, kwa hiyo tuliifuata safari nzima tangu mwanzo.

Tuliiacha ikauke kabisa kivulini. Hili huwashangaza wengi. Tope bichi ni mafuta ya kulainishia; ukilifikicha unavisukuma vibamba ndani ya nyuzi zilizofura. Likikauka husinyaa na kupasuka, likashikamana lenyewe kwa lenyewe. Tuliikung'uta, tukaipiga kwa mgongo wa brashi, na sehemu kubwa ikaanguka sakafuni bila tone la maji.

Kisha maji baridi, ya mvua, yaliyomiminwa upande wa nyuma wa doa ili chembe zitoke kwa njia ziliyoingilia. Maji ya moto hayakufaa bado: barabarani kuna kinyesi cha ng'ombe, na protini ikipata moto huganda kama ute wa yai.

Tatu, beseni. Kijiko kikubwa cha magadi kwa lita 10 za maji, yakorogwe, yaachwe yatulie, yachujwe, kisha sabuni ya unga. Hata maji ya kisima yatafaa yakipitia hapo. Shati la poliesta tulilipaka kwanza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo penye oili, tukalisugua kwa mswaki laini. Tuliloweka saa moja, tukayabadilisha maji yalipokuwa mekundu, tukaloweka tena. Kubadilisha maji mara tatu kunashinda kufikicha mara thelathini, kwa maana kila beseni jipya ni mahali papya pa chembe kwenda. Hatukuchemsha: poliesta ikipita nyuzijoto 70 au 80 huanza kulegea, na ikipoa hufunga ndani ilichokishika. Kwa sababu hiyo hiyo usipige pasi juu ya doa.

Tukasuuza kwa maji ya mvua hadi utelezi wa magadi ulipokwisha.

Wingu lililobaki ndilo tulilolipaka ndimu. Nusu saa juani, tukirudishia kila lilipotaka kukauka, kisha kusuuza mara tatu. Kanzu ilikubali mara ya kwanza. Shati, lililokuwa limeonja kisima, nguvu na jiki, lilihitaji kusuuzwa sana kwanza ili jiki iishe, halafu ndimu siku mbili. Kifuani pakabaki kivuli ambacho mimi nakiona na yeye anasema hakioni.

Maji ya beseni la kwanza hatukuyamwaga. Tuliyajaza kwenye chupa tukaiweka dirishani pamoja na zile glasi. Siku ya kwanza ilikuwa nyekundu, ya pili nyekundu. Siku ya nne tulikuta juu maji yameanza kung'aa na chini kuna utando mwembamba, mwekundu kama ulivyokuwa barabarani. Mpwa wangu aliitikisa, ukapanda wote tena.

"Kumbe halikwenda popote," alisema.

Akatoka nje, akaimimina chupa kwenye udongo kando ya ukuta, akavaa shati lake.